Kakule Ignace na Sauti za Beni

Ndugu, majirani na rafiki mliofika hapa Butembo kumsindikiza mdogo wangu, mimi ni Kambere, kaka yake, jamaa imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitajaribu kusoma bila kulia, ingawa siahidi.

Kakule Ignace alizaliwa Musienene tarehe 8 Machi 1966, mtoto wa kiume wa nne kama jina lake linavyosema, wa baba Kahongya na mama Jokébed, wakulima wa maharagi na viazi, akaanza shule ya msingi mwaka 1972, na tangu hapo akatuchosha kwa maswali, maana redio ya baba ikinyamaza sisi tuliipiga kofi, yeye alitaka kujua imenyamazia wapi. Alisomea elektroniki Goma toka 1980 hadi 1986, akafungua atelier ya kutengeneza redio hapa Butembo, tarehe 16 Julai 1994 akafunga ndoa na Adèle, Mungu akawapa Rébecca, Sagesse na Jordy, na mwaka 1999 redio yetu ya jamii ikamwajiri kama fundi.

Desemba 2002, vita vilipowasukuma watu kutoka upande wa Oicha mpaka Beni, alikwenda kuwarekodi wakimbizi ili jamaa zao wawasikie huku, lakini aliporudi, kabla ya kipindi kurushwa, ordinateur, yaani kompyuta ya redio, ikawa inakufa kila inapofungua sauti zile. Kati ya waliongoja alikuwa Florentine, muuzaji wa chumvi, ambaye mume wake Apollinaire alikwenda kununua kakao asirudi, na ukoo wa mume ulikuwa umekwisha kupanga kilio chake. Msafiri mmoja alidai kumwona Apollinaire Beni mbele ya micro ya kurekodia, Kakule akajaribu kukumbuka, akashindwa, watu walikuwa wengi mno, na jambo hilo lilimuuma sana.

Luc, mkubwa wa redio, akasema, « Ignace, disque imeisha kufa, tuformater tu, tufute yote, tuanze mupya. » Kakule akamjibu, « Imekufa na nini? Hapana kugusa. » Kisha akaenda kuwaomba wale wa kilio wangoje kidogo, wakakubali kwa shingo upande.

Alinielezea kazi yake mimi nisiyejua kitu, kwamba ndani ya ordinateur kuna kiini kinachoongoza yote, na kikikuta jambo lisilowezekana husimama chenyewe kisije kikaharibu mafaili, lakini sisi tulikuwa tunaiwasha tena haraka, na alama zote za kosa zinapotea. Akaipanga ili kila inapokufa inakili kwanza yote yaliyokuwa katika mémoire yake, kumbukumbu yake ya muda, kwenye diski nyingine ndogo, akaiacha ife tena na tena, akifurahi kila inapokufa, hata Adèle akafikiri mume amechanganyikiwa. Akasoma nakala hizo namba kwa namba, akaona namba moja imekituma kiini mahali pasipokuwepo, akalinganisha na diski yenyewe, na kwenye diski namba ile ilikuwa sahihi, lakini katika kila nakala kosa lilikaa mahali pale pale pa mémoire. Kumbe diski ilisingiziwa, mbaya ilikuwa barrette moja, kijibao cha mémoire, iliyogeuza kila kinachowekwa pale, na sauti zile nzito ndizo zilizoijaza mémoire mpaka kufika pale, akaichomoa, sauti zote zikafunguka.

Apollinaire alikuwamo, akisema, « Florentine, hapana lia, niko Beni, mguu tu ndiyo unaniuma, njia ikifunguka nitakuya. » Kilio kikafutwa, njia ikafunguka, Apollinaire akarudi, na leo ni miongoni mwa waliobeba jeneza hili.

Machi 2003 figo zilianza kumsumbua Kakule, akalazwa hapa Butembo, na tarehe 11 Juni 2003 alfajiri akatutoka, mwenye miaka thelathini na saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake dawa zikiwa haba, majirani waliopika na kulala nasi nje, na wenzake wa redio pamoja na Luc.

Jana watoto waliomba kusikia sauti ya baba yao, tukaitafuta redioni, naye hakuwahi kujirekodi hata mara moja, ila kwenye sauti ya Apollinaire, kabla hajaanza, kuna mtu anamwambia, « Karibia, sema polepole, batakusikia. » Ni yeye, na Jordy hataki tuizime.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.