Valdemar Nankonda, Aliyefundisha Kuogelea Juu ya Mabenchi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Valdemar Nankonda. Mwogeleaji. Kisha msimamizi wa michezo, miaka ishirini na sita, katika chuo kimoja cha ualimu hapa Mtwara. Amefariki Alhamisi, nyumbani kwake Rahaleo.

Alizaliwa karibu na mdomo wa Ruvuma. Ujanani aliuvuka mto akiogelea, viboko watatu wakampisha. Nilipomsomea haya mkewe, Bi Beatriz, amenikatiza: "Wewe mzee, usidanganye watu. Kiboko alikuwa mmoja, tena amelala." Haya, mmoja. Lakini aliuvuka.

Chuo hakikuwa na bwawa, na baharini wanafunzi walikatazwa. Basi Mwalimu akawalaza kifudifudi juu ya mabenchi ya bwalo, wapige mikono na miguu hewani. Ndiyo, waliogelea bwaloni! Wapishi wakiwatania, "Jamani, msizame kwenye maharage!"

Akawapeleka wanne mashindanoni Dar es Salaam. Filimbi ikalia. Wakaruka bwawani. Wakazama, wote wanne. Mwalimu alijitosa na suti na viatu, akawatoa mmoja mmoja.

Hakufa mtu. Lakini mkuu wa chuo alifuta kuogelea, na tangazo lilitakiwa kusainiwa na msimamizi wa michezo. Ndiye yeye. "Alisaini," anasema Bi Beatriz. "Siku hiyo hakula." Kila mwaka akaomba ruhusa ya kuwafundisha majini. Kila mwaka akaambiwa asubiri. Akastaafu akisubiri. Kisha kiharusi kikamchukua ulimi na upande mzima wa kushoto.

Mwezi uliopita alikuja Ines, mmoja wa wale wanne, sasa anafundisha shule, kata ya Ziwani. Akamwambia, "Mwalimu, mikono naijua. Niambie nifanyeje nisizame."

Mzee alifungua kinywa. Neno halikutoka. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kikitazama juu. Akakiacha hapo.

"Nikadhani ana kiu," anasema Ines. "Nikampa kikombe. Akalia."

Bi Beatriz alisimuliwa hayo juzi, msibani. "Anayejifunza kuelea hulazwa chali majini, mgongo juu ya kiganja cha mwalimu," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni. Ningemwambia."

Pole, Bi Beatriz. Pole, Ines. Poleni familia nzima. Nasi tulioishi na bahari mlangoni, tujiulize tulimfuata lini mtu huyu, tukamwomba alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa jirani yake miaka thelathini. Sijui kuogelea.