Siku Wachuka Alipoirusha Sauti Yake

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni punguza moto kidogo, kama uko njiani ongeza sauti. Jioni ya leo tunamkumbuka mama mmoja wa Njoro. Jina lake Wachuka Kihara. Alikuwa mpimaji wa maziwa katika chama cha ushirika cha wafugaji. Alizikwa Jumamosi iliyopita.

Kama uliwahi kupeleka maziwa pale ushirika, unamjua. Ulimsikia kabla hujamwona. "Hii ina maji! Rudisha kwa ng'ombe!" Foleni nzima inacheka, nawe unaondoka na mtungi wako, kichwa chini. Aliwahi kumrudishia shemeji yake mwenyewe, Jamleck, mbele ya watu. Jamleck alikaa Krismasi mbili bila kukanyaga kwake.

Halafu koo likaanza kumkwaruza. Akanywa tangawizi, akanywa asali, koo likazidi. Ilikuwa saratani. Madaktari waliondoa kisanduku chote cha sauti, wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia. Mama aliyesikika hadi ng'ambo ya barabara akawa anapumua tu, kimya.

Bima ya ushirika ililipa upasuaji. Ililipa pia mashine ya kuongelea. Wasikilizaji ambao hamjaiona, ni kitu kama tochi ndogo. Unaibana chini ya taya, unabonyeza, inatetema, nawe unachezesha midomo. Sauti inayotoka si yako. Ni kama nyuki ndani ya mkebe. Lakini maneno ni yako.

Binti yake, Abby, anasema: "Tulizoea haraka. Mum aliamka asubuhi akituamrisha na hiyo mashine kama kawaida. Tulifurahi hata kugombezwa."

Kisha betri ikachoka. Kwanza ilidumu nusu siku tu. Baadaye ikawa sentensi chache, inakatika. Na betri ile si ya dukani. Inapatikana kwa watengenezaji wa mashine tu. Hospitali ikapeleka dai kwa bima. Jibu likarudi: mashine ni matibabu, betri ni matumizi ya kawaida. Kama betri ya redio. Sikilizeni tena, wapendwa. Mashine walilipa. Betri walikataa.

Wachuka akapeleka dai mara ya pili. Likakataliwa. Karani wa bili pale hospitalini, jamaa anayeitwa Zeddy, akamvuta kando.

"Mathe, hawa watu hawatalipa betri. Lakini andika mashine imeharibika. Watanunua mpya, na mpya inakuja na betri yake. Wengi wanafanya hivyo. Weka sahihi hapa tu."

Wachuka aliitazama ile kalamu. Akaibana mashine chini ya taya.

"Imeharibika?" akauliza kwa sauti ya nyuki. "Mbona unanisikia?"

Hakuweka sahihi. Akarudi Njoro na ile karatasi, na vita vikahamia nyumbani. Mumewe, Peterson, ni mtu mpole, lakini wiki ile alikuwa amechoka kubahatisha midomo.

"Mama Abby, saini hiyo karatasi! Wamekunyang'anya sauti kwa neno moja, 'matumizi'. Wewe irudishe kwa neno moja, 'imeharibika'."

Wachuka akatikisa kichwa.

"Kila mtu anajua wewe ni mkweli. Hata Jamleck anajua. Sasa mimi nataka kusikia bibi yangu akiongea. Hiyo ni dhambi?"

Akataka kumjibu. Mashine ikakoroma, ikazimika. Akatoka nje na jibu lake mdomoni. Alimwambia Abby baadaye kwamba hakuwahi kuwa na hasira kama siku hiyo, na kwamba nusu ya hasira ilikuwa ni kwa sababu Peterson alikuwa na haki.

Asubuhi iliyofuata jirani yao Kemboi alileta marobota ya nyasi kwa trekta. Wakashusha, Kemboi akaingia kunywa chai. Trekta na tela vilikuwa vimesimama mahali penye mteremko. Peterson akaona kamba ya robota imejisokota kwenye ekseli ya tela. Akaingia chini, akalala chali, akaanza kuikata kwa kisu.

Kemboi akamaliza chai, akatoka kwa mlango wa mbele. Hakumwona mtu. Akapanda trekta. Peterson alisikia mtu akipanda, akadhani Kemboi anafuata koti lake.

Wachuka alikuwa anatoka boma la ng'ombe. Akaona gambuti za mumewe zimechomoza nyuma ya gurudumu. Akamwona Kemboi ameketi, mgongo kwake, mkono unatafuta ufunguo.

Akaibana mashine chini ya taya. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu, hadi ngozi ikauma. Kimya. Akafungua mdomo apige kelele, na kilichotoka ni pumzi shingoni, kama mtu anayepuliza chai.

Ufunguo ukazunguka. Injini ikakohoa. Haikushika. Kemboi akainama kujaribu tena.

Wachuka hakuwa na jiwe. Hakuwa na mtungi. Mkononi alikuwa na kitu kimoja tu. Akairusha ile mashine kwa nguvu zake zote.

Ilimpata Kemboi nyuma ya sikio. Akaruka, akageuka na matusi mdomoni, akamwona mama anakimbia huku akionyesha chini, chini, chini. Mkono wake ukaachia ufunguo.

Peterson alitoka chini ya tela akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. "Nini?" akauliza. "Kuna nini?" Wachuka akamwonyesha ufunguo. Kemboi alikuwa amekaa chini, ameshika sikio. Na mashine ilikuwa kwenye mawe, ganda lake limepasuka katikati.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mashine imeharibika kweli. Zeddy alipopigiwa simu na Abby, alifurahi. "Andikeni imeanguka!" Wachuka akaandika hivi: niliitupa kwa makusudi. Bima ikakataa. Akakata rufaa, akaitwa mbele ya kamati yao mjini Nakuru.

Alikwenda na rafiki yake, Akeyo, mama muuza mboga wa Kaptembwo aliyefanyiwa upasuaji kama wake, naye ana bima hiyohiyo. Akeyo alimwazima mashine yake, iliyokuwa na betri dhaifu pia. Yeye akaketi pale bila sauti, ili mwenzake aongee.

Mwenyekiti, mama wa makamo, alisoma karatasi mara mbili. "Mama, umeandika uliitupa."

"Ndiyo."

"Ungeandika imeanguka tungelipa. Hata tusingeitana hapa."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Wachuka alijua maneno aliyo nayo ni machache. Akeyo alikuwa ameukaza mkono kwenye kiti, macho kwenye mashine.

"Kwa sababu betri ya hiyo mpya itaisha. Nikija, mtaniambia niiangushe tena. Sitaki mashine mpya. Nataka betri. Huyu pia." Akamwonyesha Akeyo. "Siku ile nilihitaji neno moja. Neno moja tu, na mume wangu..."

Mashine ikazimika. Midomo ya Wachuka iliendelea. Hakuna aliyesikia mwisho wa sentensi ile.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa. Kuanzia hapo, betri zitahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu, kwa wanachama wote wenye mashine kama hizo. Lakini mashine yake aliyoitupa hawakuilipa. Kwa hivyo Wachuka akapata betri bila mashine ya kuitia.

Kemboi ndiye aliyeokota vipande. Akavipeleka kwa fundi wa simu, wakaliunga ganda kwa gundi, betri mpya ikaingia, na mashine ikanguruma. Wachuka akaibana chini ya taya, akamgeukia mumewe.

"Baba Abby, toka chini ya tela!"

Peterson alicheka, kisha akaenda kusimama nyuma ya ghala peke yake kwa muda mrefu.

Wachuka aliongea miaka mitatu zaidi. Mwaka huu saratani ilirudi, ikashika mapafu, na Wachuka akafariki nyumbani, Njoro, Abby na Peterson wakiwa kando yake.

Jumamosi, kaburini, Akeyo aliomba nafasi. Mwongozaji wa mazishi akamnong'oneza aseme kwa ufupi, mvua ilikuwa inakuja. Akeyo akaibana mashine chini ya taya na akaongea. Akamsifu, akamlilia, akataja watu ambao hatuwajui. Mvua ikaanza. Watu wakafungua miavuli, wakabaki. Aliongea hadi alipomaliza mwenyewe.

Kwa Peterson, kwa Abby, kwa ukoo mzima wa Kihara, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, hasa mlio kwenye madawati ambako watu huja na karatasi zao: kama kuna mtu mbele yako anayehangaika kutoa neno, usimmalizie sentensi. Ngoja. Huenda analolitafuta si lile unalodhani.