Kumsindikiza Joram Ondiek Mpaka Langoni

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bwana Joram Ondiek, msimamizi wa kikosi cha lami katika kampuni yetu ya Ukingoni Lami, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Katika muda huo ameweka lami kwenye nyua za makanisa, shule, vituo vya mafuta na nyumba za watu, kuanzia Milimani hadi Nyamasaria na kuendelea mpaka Awasi, kwao. Ukiwa unaendesha gari Kisumu na ghafla magurudumu yakanyamaza, huenda umeingia kwenye kazi yake.

Nimeombwa niandike haya kwa sababu mimi, Debra Naswa, ndiye dereva wa rola, na dereva wa rola humjua msimamizi wake kwa mgongo. Yeye hutangulia na reki huku lami ikifuka moshi, nami nafuata polepole nikiikandamiza lami aliyoisawazisha. Nimeutazama mgongo ule kuliko nilivyomtazama mume wangu usoni, na mume wangu analijua hilo. Hata hivyo bado sijauzoea. Zipo siku ambapo nimekaribia kusahau breki kwa kumshangaa mtu huyu akiitandaza lami inayounguza kwa wepesi wa mpishi anayetandaza wali kwenye sinia.

Alianza kazi mwaka 1991 kama kibarua wa kusukuma wilbaro, akiwa amevaa akala, vile viatu vya tairi. Hakuna aliyemwonya kwamba tairi na lami moto zikikutana hazitaki kuachana. Kabla ya saa sita akala moja ilikuwa imebaki imenata kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, naye Joram anarukaruka kwa mguu mmoja akitafuta kivuli. Msimamizi wa wakati huo alicheka mpaka akaketi chini. Kesho yake Joram alirudi na buti za kaka yake, kubwa mno, zimejazwa magazeti kwenye vidole. Alama ya ile akala ilidumu pale kituoni kwa miaka. Mwenyewe humsimulia kisa hicho kila mfanyakazi mpya kabla ya kumkabidhi buti, na hukisimulia vizuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kusahau kuzivaa.

Kutoka kwenye wilbaro alipewa reki, na mwaka 2003 akapewa kikosi. Alitufundisha kwamba katika mji huu jua ni mfanyakazi mwenzetu, tena asiyeomba likizo. Mwezi wa Februari na wa Machi lami iliyotandazwa asubuhi huwa bado laini alasiri, hata kama kwa macho inaonekana ngumu kama mwamba. Kwa hiyo tulianza kazi kukipambazuka, na hakuna aliyekula chakula cha mchana kabla rola haijapita mara ya mwisho. Sisi tupendao kula tuliteseka sana. Yeye alikuwa na njugu mfukoni, akizitafuna kwa siri akidhani hatumwoni.

Ana desturi moja ambayo wateja hawaisahau. Kazi ikiisha na lami ikapoa, huvua buti na soksi, akazishika mkononi, kisha akatembea njia nzima bila viatu, polepole, kuanzia mlangoni hadi langoni. Anasema nyayo huhisi mahali maji yatakapotuama kabla macho hayajapaona. Akisimama, nasi tunajua hapo pana kazi ya kurudia. Nimemwona akisimama mahali ambapo mimi, juu ya rola yangu, ningeapa kwamba pako sawa kabisa. Tulimwaga ndoo ya maji, na maji yakakaa palepale aliposimama. Siku hiyo niliirudia kazi bila kubisha, na wanaonijua wanaelewa kwamba kutobisha kwangu si jambo dogo.

Lakini kama ningeruhusiwa kusimulia kazi moja tu, ningesimulia ile ya mwezi huu, nyumbani kwa Bwana Ashok na mkewe Mama Kantaben kule Milimani.

Joram aliijua njia ya gari ya nyumba ile, kutoka barazani hadi langoni, tangu ujana wake. Ni miongoni mwa kazi zake za kwanza za reki. Alipokuwa akiifanya, Bwana Ashok alimletea chai mwenyewe kila siku, na jioni akamsindikiza mpaka langoni. Hivyo ndivyo Bwana Ashok alivyomfanyia kila mtu aliyeingia kwake, awe tajiri, fundi wa bomba au mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuna aliyeagwa barazani. Alitembea na mgeni hadi langoni, akafungua kitasa kwa mkono wake, akabaki amesimama mpaka mgeni akate kona.

Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Mikono ilirudi, miguu haikurudi, naye akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Wakati huohuo njia yake nayo ilikuwa imezeeka: jua limeikausha hadi ikawa ya kijivu, nyufa zimetapakaa kila mahali, na mzizi wa mjakaranda umeinua ukingo mmoja. Magurudumu madogo ya kiti chake yalinasa kwenye nyufa, na siku moja kiti kilipinduka naye akiwamo. Mwanawe, Ankit, alijitolea kumsukuma. Mzee alikataa kabisa. Alimwambia kwamba mgeni hasindikizwi na mtu anayesukumwa. Tangu hapo wageni wakaanza kuagwa barazani, na Mama Kantaben alimweleza Joram kwamba kila mgeni alipoinuka kwenda zake, mumewe aligeuza uso akatazama ukuta.

Joram alipolisikia hilo alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Aliomba kazi ile iwe yake, na iwe ya mwisho.

Tuliikwangua lami yote ya zamani. Tukaukata mzizi, tukashindilia kokoto upya, tukanyunyiza lami nyepesi ya kushikanisha, kisha tukatandaza lami mpya mapema asubuhi. Joram alisukuma reki mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Jioni alivua buti akatembea. Mama Kantaben alikuwa barazani. Alipomwona hana viatu alidhani ni heshima ya kuibariki njia, basi naye akavua ndala zake, akashuka, akamfuata nyuma kimyakimya mpaka langoni na kurudi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Joram hakusimama hata mara moja. Kabla hatujaondoka aliwaonya watu wa nyumbani:

“Hii kwa macho imeiva, lakini ndani bado ni uji. Siku nne, kitu chochote kisikae juu yake.”

Nao walielewa, kwa namna yao. Walielewa kwamba gari lisipite. Kesho kutwa yake, kwa furaha tu, wakaita majirani na jamaa kwa maombi ya shukrani. Na watu wa hapa kwetu tunajijua: tukiona mahali peusi, safi, pametandazwa vizuri, kitu cha kwanza kinachotujia akilini ni hema na viti. Ankit alipanga viti vya plastiki juu ya lami mpya, safu baada ya safu, na watu wazima wakavikalia tangu asubuhi mpaka jua la saa saba. Maombi yalipoisha wageni waliinuka, lakini viti vilibaki vimesimama wima, vimezama miguu. Vingine vilipong'olewa viliacha miguu yao pale chini.

Tulipoitwa tukafika, tulikuta njia imejaa matundu kutoka barazani mpaka karibu na lango. Gari lingepita juu yake bila kujali. Lakini gurudumu dogo la kiti lingenasa kwenye kila tundu. Ankit hakuweza kututazama. Bwana Ashok alitupokea kwa upole, akasema tusijisumbue, imetosha, wageni wanaijua njia ya kutoka. Kisha akamwambia mwanawe arudishe kile kiti cha magurudumu ndani. Nakiri roho iliniuma. Nilifikiri hapo ndipo mambo yalipoishia: mstaafu wetu ataondoka na kazi yake ya mwisho imetobolewa, na yule mzee atautazama ukuta maisha yake yote.

Joram alipiga magoti akaingiza kidole kwenye tundu moja baada ya jingine. Hakumlaumu mtu. Alipoinuka alisema:

“Jua ndio imeharibu. Kesho wacha jua itengeneze.”

Siku iliyofuata tulifagia, tukaondoa miguu ya viti, tukajaza matundu yaliyozama sana kwa lami moto laini. Kisha akatuambia tutandaze karatasi nyeusi za plastiki juu ya njia nzima, tuweke mawe pembeni, tusubiri. Tulikuwa tunaipika. Kila baada ya muda aliinua pembe moja, akagusa, akaifunika tena. Saa saba ikakaribia, rola yangu inanguruma tayari, maji yanatiririka juu ya ngoma yake ya chuma ili lami isinate, na hapo hapo wingu kubwa likapanda kutoka ziwani likalifunika jua.

Kila mtu aliinua macho. Mama Kantaben alisimama barazani na kanga kichwani. Ankit alikuwa ameshika tama. Bwana Ashok, aliyesema hajali, alikuwa dirishani. Lami ikipoa sasa ingekataa kukandamizwa, na mvua ya Machi ikianza haikupi siku nyingine. Joram aliketi ukingoni mwa njia, akatoa njugu mfukoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akatugawia. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa.

Wingu lilielekea vilima vya Nandi. Jua lilirudi kali kuliko awali, nasi tukavuta karatasi zote kwa pamoja. Njia ilikuwa inang'aa. Joram alitangulia kinyumenyume mbele ya rola, mkono umeinuliwa, akiniongoza kwa kidole kimoja, nami nikashuka taratibu kutoka barazani. Nilikuwa natazama matundu yakiingia chini ya ngoma na hayatoki upande wa pili. Nimefanya kazi hii muda mrefu, nami nasema bila aibu kwamba nilitokwa na machozi nikiwa kwenye usukani. Tulipita mara ya pili, tukaimwagia maji baridi mpaka alasiri, kisha Joram akavua buti.

Safari hii alisimama mara moja, katikati. Akainama, akaokota punje ya njugu, akaendelea.

Baada ya siku nne tulirudi kuitazama, Jumapili, tukiwa na nguo za kanisani. Tulipewa chai, na tulipoinuka kuaga, Bwana Ashok aliyashika magurudumu ya kiti chake.

“Joram, leo wewe ni mgeni,” alisema. “Mimi nasindikiza wewe.”

Joram alivua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi, akatembea kando yake. Hakumgusa, wala hakukigusa kiti. Sisi wengine tulibaki nyuma. Kiti kilishuka barazani, kikapita mahali pale pa mzizi, kikapita mahali pa viti, bila kutikisika na bila sauti, wawili hao wakizungumza mambo yao ambayo hatukuyasikia. Langoni Bwana Ashok alinyoosha mkono, akafungua kitasa mwenyewe. Joram alivaa viatu vyake nje ya lango, wakapeana mikono, akaenda zake. Mama Kantaben alimwita mumewe aingie, jua ni kali. Hakuingia. Alibaki pale langoni, mkono kwenye kitasa.

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya Joram Ondiek, na sidhani kama kuna barabara kuu nchini ninayoiheshimu kuliko njia ile fupi ya nyumbani kwa mtu.

Joram, Baba Akinyi, asante kwa buti ulizotuvisha, kwa alfajiri ulizotuamsha, na kwa kutufundisha kwamba kazi ikiharibika mtu hupiga magoti kwanza kabla ya kutafuta wa kumlaumu. Salamu zetu kwa Mama Akinyi kule Awasi. Tumemwagiza akupe chakula cha mchana kwa wakati wake, na njugu uzile waziwazi. Miguu yako imeyapima mapito ya watu wengi, sasa ikanyage majani ya nyumbani kwako na kupumzika. Sisi hatutakuaga barazani. Tumekuja nawe mpaka hapa, kitasa tumekifungua kwa mikono yetu, nawe nenda salama. Hatugeuki mpaka ukate kona.