Mrudie Mwenzako

Ndani ya treni, binti aliyekaa mbele yangu alikuwa akipigana vita kwenye simu, na mzee wa kando yake, askari mstaafu, akimchungulia bila haya. "Mjukuu wangu, vita gani hivyo watu hawachoki, hawafui hata soksi?"

Binti akacheka. "Ni gemu tu, babu."

"Na huyo mwenzako aliyeanguka?"

"Atafufuka sasa hivi."

Mzee akamwonyesha kwa kidole yule aliyeanguka. "Mrudie hata hivyo."

"Nitauawa, babu!"

"Najua."

Binti akaguna, akarudi, akauawa palepale. "Umeona? Tumeshindwa!"

Treni ikasimama. Mzee akajiinua kwa goti lake bovu, akampigia saluti. "Mimi niko hapa kwa sababu yupo aliyerudi."