Jina la Mama Gi-taek

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya duka la Mama Ok, juu ya kilima hapa Incheon, pembeni ya mashine ya kahawa inayotema kahawa tamu kwenye vikombe vya karatasi. Wenyeji wake walikuwa wastaafu watatu. Koplo, jina lake Pyo Gi-taek, aliacha vidole viwili katika vita vya Kusini na Kaskazini na hajawahi kuvisamehe. Injini aliendesha treni ya mizigo miaka thelathini. Ana methali kwa kila jambo, na kila methali huipachika pasipo pake. Gazeti husoma magazeti matatu kila asubuhi, kisha anajua hata yasiyoandikwa. Kiangazi cha mwaka elfu mbili, mzee mgeni akaanza kuja dukani, na mabishano ya kijiweni yakapata chakula kipya.

Kilichowachanganya ni mlango. Mzee yule alikuwa akifika dukani, anasimama mbele ya mlango uliofungwa, mikono ubavuni, anangoja. Hagongi, hasukumi. Mpaka Mama Ok amwone na kumfungulia, ndipo aingie.

— Huyo alikuwa tajiri, — alisema Gazeti. — Tajiri mkubwa kabisa. Maisha yake yote kafunguliwa milango na watumishi, sasa kafilisika.

— Tajiri gani ana viatu vile? — Injini akatikisa kichwa. — Huyo ni mganga. Anaomba ruhusa kwa mizimu ya kizingiti.

— Basi ni mganga wa tajiri.

— Wewe unacheza, — Injini akabadili mawazo. — Mwangalieni anavyotembea. Mwenda pole hajikwai, kwa hiyo ni jasusi.

Koplo hakucheka. Alikuwa ameona jinsi mzee yule anavyotembea hatua sita, anasita, kisha anaendelea. Siku ya tatu akamwuliza uso kwa uso, bila salamu.

— Wewe bwana, kwa nini hufungui mlango?

Mzee akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la haki.

— Nimefunguliwa miaka thelathini na mitatu. Mkono umesahau.

Akajitambulisha kwa jina la Ham Se-jun. Hakuficha kitu. Alikuwa mtu wa Kaskazini, alitumwa Kusini na chama chake, akakamatwa. Wenzake wengi walitia sahihi karatasi ya kuikana imani yao ya kisiasa, wakatoka mapema. Yeye hakutia, akabaki gerezani kwenye selo ya hatua sita. Aliachiwa mwaka jana, na kanisa la mtaani likampa chumba.

Koplo alinyanyuka, akamwaga kahawa yake mferejini, akaondoka. Siku mbili hakuonekana kijiweni. Nyumbani alikuwa akikaa na kutazama mkono wake wa kulia, wenye vidole vitatu.

Siku ya tatu alirudi kwa sababu swali lilimnyima usingizi. Akaketi ncha ya pili ya benchi, mbali na mgeni, akauliza huku akitazama barabara.

— Ilikuwa karatasi moja tu. Ungesaini, ukatoka, ukaishi. Kwa nini?

— Walinipiga ili nisaini, — alisema Ham. — Wangeniomba kwa upole, sijui ningefanyaje. Lakini mtu akikupiga ili useme kwamba unachofikiri siyo kweli, unabaki na kitu kimoja tu ambacho ni chako.

Koplo akasema tu kwamba yeye bado anawachukia watu wa chama chake. Ham akasema anaelewa, na kwamba risasi za upande wa Koplo zilimchukua mdogo wake. Injini akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hakuna aliyejua alimaanisha nini, lakini alikwenda kuwaletea kahawa wote wawili, na kuanzia siku hiyo vikombe vikawa vinne.

Mwezi wa nane Gazeti akaja na habari, na safari hii haikuwa ya kubuni. Serikali mbili zimekubaliana: wafungwa wa zamani wanaotaka kurudi Kaskazini watapelekwa tarehe mbili Septemba. Ham alikuwa kwenye orodha. Alilisema hilo taratibu, kama anaomba radhi.

Tangu hapo Koplo akawa mtu wa kukohoa, kuanza neno, na kuacha. Wenzake walijua kinachomkaba. Alizaliwa Yeonan, ng'ambo ya ghuba, na baada ya vita mji ule ukabaki upande wa Kaskazini. Alivuka akiwa na miaka kumi na saba, majira ya baridi, akaacha mama yake pale. Miaka hamsini hakupata hata neno. Sasa mtu anakwenda, na mtu mwenyewe ni adui. Gazeti alimsihi aseme. Injini alimwambia mfuata nyuki hakosi asali, na Koplo akamwomba anyamaze.

Zikabaki siku nne. Asubuhi ile Koplo alikaa katikati ya benchi, bega kwa bega na Ham.

— Kaka, — alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. — Ukifika huko. Nina mama Yeonan. Kama yu hai, ana miaka themanini na mitano.

Ham akatoa daftari na kalamu mfukoni, akaliweka gotini.

— Anaitwa nani?

— Mama Gi-taek.

— Hilo ni jina lako wewe, ndugu yangu. Yeye anaitwa nani?

Koplo akafungua kinywa. Majirani walimwita Mama Gi-taek. Bibi alimwita mke wa mwanangu. Baba alimwita wewe, au hakumwita kabisa. Yeye mwenyewe alimwita mama, na hilo lilitosha kwa kila kitu, kwa njaa, kwa homa, kwa kuagana. Akamtazama Gazeti, anayejua hata yasiyoandikwa. Gazeti akatazama viatu vyake. Injini hakuwa na methali.

— Sijui, — alisema Koplo. — Nimeishi miaka yote hii, sijui.

Machozi yalimtoka bila sauti. Ham hakumtazama, alifungua ukurasa mpya.

— Basi nieleze alivyo. Nitamtafuta hivyo hivyo.

Koplo akaeleza. Kovu la maji ya moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Akicheka hufunika mdomo kwa mkono wa nguo. Akipepeta mchele huimba, lakini akisikia mtu anakuja huacha. Siku ya kuvuka alimfunga shali yake mwenyewe shingoni, akamwambia nenda, ni siku tatu tu. Ham aliandika ukurasa ule na wa nyuma yake, akamsomea tena, ili asikosee kovu likawa la kulia.

Tarehe mbili Septemba waliangalia mabasi kwenye televisheni ya Mama Ok. Wazee walishuka na maua mikononi, picha ikapita haraka. Injini aliapa yule wa kofia ndiye. Barua haikuja mwaka ule, wala uliofuata.

Lakini jioni ile ya mabasi Koplo alirudi nyumbani, akasimama jikoni. Mkewe alikuwa akikata figili za kuchachusha kimchi, amempa mgongo. Miaka arobaini amekuwa akimwita Mama Eun-gyu.

— Wol-seon, — alisema.

Kisu kikasimama.

— Nani kafa?

— Hakuna. Nimekuita tu.

Mama wa watu akaendelea kukata, polepole kuliko mwanzo.

— Basi ita tena, — alisema bila kugeuka.