Mufuko wa Prosesere za Kaka Safari

Amani ya Bwana Yesu ikae nanyi, ndugu zangu. Mimi ni Mama Neema. Nilizaliwa Kibabi, kule Masisi, nikaolewa hapa Kibua. Nasimama kumushukuru Mungu aliyenitoa mu woga.

Kazi ya kutengeneza ordinatere, ni kusema kompyuta, nilifundishwa na kaka yangu Safari. Alipokufa kwa ugonjwa, nilirithi meza yake, vyombo vyake, na mufuko wa prosesere za okazioni, zilizokwisha kutumika kwingine. Prosesere njo kile kipande kidogo kinachofikiri ndani ya ordinatere; bila yake, masini iko sanduku tu.

Ordinatere ya kwanza niliyowekea prosesere ya kaka ilikataa kuwaka. Ya pili vilevile, na ya tatu. Habari ikazunguka: vitu vya marehemu viko na kifo ndani. Watu wakaacha kuja, hata wenye masini waliogopa kuzichukua. Mama mukwe wangu, anayenipenda sana, akataka wazee wachinje mbuzi, kisha mufuko utupwe mutoni. Ndugu zangu, mimi mwenyewe niliamini! Nilipita mbali na ile meza.

Nikamuendea Mama Esperanse wa kwaya. Tuliomba mpaka nikalia. Kisha akanishika mukono, akaniambia: "Mungu amesikia. Sasa rudi mezani, ufanye vile kaka yako alikufundisha."

Asubuhi nikafungua mufuko. Mama mukwe akaleta kiti, akakaa mulangoni, hakutaka niwe peke yangu. Kaka alinifundisha kuanza na kitu unachojua ni kizima. Nikatoa prosesere ya ordinatere yangu mwenyewe, inayowaka kila siku, nikaijaribu pale mezani mu moja ya zile masini tatu. Nayo ikakataa. Nikaelewa: basi ubaya hauko mu mufuko. Nikaondoa alimantasiyo ya zamani ya kaka, kile kisanduku kinachogawa umeme, ambayo nilijaribia masini zote tatu, nikaweka ile ya ordinatere yangu. Vantilatere ya kupuliza hewa ikazunguka, ekra, kile kioo chake, ikawaka.

Hapo nikachukua zile za kaka, moja moja. Naangalia kama miguu yake, vile visindano vya chini, haikupinda, nasafisha, napaka pate ya kupunguza joto, nawasha, nangojea jina lake litokee kwenye ekra, naiacha ifanye kazi nione kama haipati joto kupita. Zingine zilikuwa zimekufa kweli, miguu imevunjika mu mufuko. Lakini nyingi zilikuwa nzima.

Mama mukwe akasogeza kiti mpaka karibu yangu. Akatazama ile ekra, akasema polepole: "Kumbe Safari hakukuachia kifo. Alikuachia kazi."

Tukalia wote wawili, ndugu zangu, na kilio kile kilikuwa kitamu. Masini za watu zikarudi kwao zinawaka. Mbuzi iko hai, imeshazaa.

Na wewe uliyeketi hapa na woga ambao huwezi kuutaja mbele ya watu, ulete kwa Yesu, kisha amka, ufanye kile alichokuwekea mikononi. Atakaa na wewe. Sifa zote zimurudilie yeye. Amina.