Somo la Nane la Mzee Andati

Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, nje ya duka la kutoa kopi, upande wa chini wa soko la Kakamega. Mama Sydney huuza kahawa hapo, na wateja wake ni walewale: Mukhwana, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Butali mpaka akabandikwa jina la Sukari, Wesley, anayeitwa Waziri kwa sababu habari zote za serikali humfikia yeye kwanza, hata zile ambazo hazijatokea, na mzee Andati, aliyetembeza watalii msituni Buyangu miaka ishirini na tisa, na anayemjua ndege kwa sauti kabla hajamwona. Alhamisi hiyo, saa tisa mchana, simu ya Andati iliita kwa video. Kwenye kioo akatokea mjukuu wake Anya, peke yake, uso umelowa machozi.

Anya ana miaka sita. Mamake, Wendy, alienda Urusi kusomea udaktari, akaolewa hukohuko, na wanaishi na mama mkwe wake. Mtoto hajui lugha nyingine ila Kirusi.

— Dyedushka! aliita.

Hilo Andati alilijua: babu. Kisha maneno yakamwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka. Aliokota mawili tu. Babushka, yaani bibi. Na nyet, hapana. Mtoto alimaliza kwa sauti ya kupanda, akangoja. Alikuwa ameuliza kitu.

Andati alitafuta kichwani, akatafuta tena. Likaja moja tu.

— Eto... eto stol.

Hii ni meza. Anya alimtazama, akafuta pua kwa mkono wa sweta, akakata simu. Andati alipopiga, haikushikwa.

— Amesema nini? aliuliza Sukari.

— Nimesikia bibi. Na hapana.

— Basi ni rahisi, bana. Bibi amemnyima chakula. Hao wazungu wanakulanga saa moja tu. Ukichelewa, umelala njaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!

— Mtoto wa miaka sita atapewa jembe? Mama Sydney alimkatiza.

— Sukari, wewe huelewangi mambo ya nje, alisema Waziri. Hapo ni safari. Walikuwa wamepanga kuja Kakamega Desemba, bibi amekataa. Anasema huku kuna joto.

— Joto ya Kakamega? Na hii mvua yote? aliuliza Sukari.

— Ama ni viza, Waziri aliendelea. Serikali mbili zimekosana, sisi hatujaambiwa. Mtoto ameskia kwa redio, akaona heri ampigie babu kabla laini zikatwe. Si unaona imekatwa? Haraka haraka haina baraka.

— Au wamemwambia Andati si babu yake, Sukari alisema, akijipiga paja. Huko siku hizi wanapima damu ya kila mtu. Bibi amesema, huyu wa Kakamega, nyet!

Walicheka kidogo. Andati hakucheka. Alikuwa akikumbuka masomo yake.

Mwaka jana alijiandikisha darasa la Kirusi la mtandaoni, la wanaoanza. Jumanne na Alhamisi, saa kumi. Nyumbani kwake, karibu na msitu, mtandao ni wa kubahatisha, kwa hivyo alisomea hapa benchini, visikizi masikioni, daftari gotini. Hii ni meza. Hii ni nyumba. Benchi lilimwiga. Walimwita Komredi. Alistahimili, kwa maana mwalimu, mama mmoja mpole aitwaye Lyudmila, alikuwa amemwambia sikio lake ni zuri.

Somo la nane lilikuwa la familia. Zamu yake ilipofika, alisema kwa sauti: u menya yest vnuchka. Nina mjukuu wa kike. Lakini kwa masikio ya Kiluhya hiyo "umenya" ni kukaa mahali, na Sukari hakujizuia. Aliinama kwenye simu, akapiga kelele: "Andati, omenya hena? Unakaa wapi, mzee?" Benchi zima likaangua kicheko. Kwenye kioo wanafunzi kumi na wanne walikuwa wakitazama. Andati alifunga simu. Jumanne iliyofuata alikuja, akanywa kahawa, na saa kumi ikapita.

Sasa simu ililia kidogo. Ujumbe wa sauti, wa Wendy. Aliubonyeza, ukafunguka kwa sauti kubwa, wote wakasikia.

— Baba, shikamoo. Anya amechukua simu ya babake akakupigia. Mama mkwe ametuacha leo asubuhi. Wewe unajua yeye ndiye amemlea, mimi nikiwa zamu. Alikuwa anakuambia bibi hayuko tena. Akakuuliza kama sasa wewe ndiye utakuwa unaongea na yeye jioni.

Kwenye ujumbe alisikika akipenga kamasi, kisha akaendelea.

— Anasema ulimjibu ni meza. Nimemwambia mtandao ulikuwa mbaya.

— Na ile Kirusi ulikuwa unasoma, Komredi! Waziri alisema, akavua kofia. Sukari alikitazama kikombe chake.

Msichana mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa duka akingojea kopi za vyeti vyake. Anaitwa Cherotich, ametoka Lugari, na hakuna aliyemjua hapo.

— Pole sana, mzee, alisema. Kumbe ulikuwa unasoma Kirusi? Uliachia wapi?

— Somo la nane.

— Na mbona uliacha?

Mama Sydney alianza kukusanya vikombe vilivyokuwa bado na kahawa. Sukari aliinama kufunga kamba za kiatu. Andati angeweza kunyoosha kidole, na kila mtu alijua kingeelekea wapi. Lakini pia alijua hakuna aliyemfungia simu siku ile. Mkono ulikuwa wake. Na Jumanne zilizofuata alijiambia mtoto atakua, atajifunza Kiingereza, watakutana njiani.

Aliinuka, akaenda kusimama kando ya mtaro, akampigia Wendy. Wendy alilia, wakaomboleza pamoja, kisha akampa mtoto simu.

Andati hakusema lolote, kwa kuogopa kusema lisilofaa. Alimsikia Anya akipumua kwa pua iliyoziba. Mahali fulani ndani ya nyumba ile mtu alifungua mfereji, maji yakakimbia, yakakoma. Andati aliibana simu sikioni, akasimama hivyo hivyo, mpaka mtoto akachoka kungoja, akakata.